Sura ya Kuagizwa na Heshima ya Mchoraji

Watu waliosoma wamezoea kuzipima picha kwa mizani yenye vitanga viwili. Katika kitanga kimoja huweka picha ambayo mchoraji aliichora kwa kupenda kwake, bila kuombwa wala kulipwa, na hiyo huiita sanaa. Katika kitanga cha pili huweka sura ya mtu iliyoagizwa na mteja, ikatolewa arbuni, ikapangiwa siku ya kumalizika, na hiyo huiita kazi ya tumbo. Ya kwanza huandikiwa makala na kutundikwa katika majumba ya maonyesho. Ya pili haipati hata mstari mmoja. Hukumu hiyo imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kama sheria, na wachoraji wenyewe wameipokea. Wako miongoni mwao watiao jina lao katika picha ya nafsi, na kuiacha sura ya kuagizwa iende zake bila jina, kama mtoto aliyekanwa.

Hukumu hiyo haina haki, na tena haina elimu. Anayetaka kujua kwa nini na aende Vingunguti, kando ya Barabara ya Nyerere, kati ya viwanda na bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo watu wengi wa Dar es Salaam hupajua kwa machinjio yake tu. Katika mitaa kama hiyo, na katika ile ya Temeke na Kinondoni, mchoraji hukaa barazani au katika kibanda cha mabati, vibao vya vinyozi upande mmoja na sura za watu upande mwingine. Huko ndiko ilipo shule ambayo mabingwa wa sanaa hawajaitembelea.

Mteja afikapo, mara chache huja na uso unaotakiwa. Huja na picha iliyo ndani ya simu, au kipande kidogo kilichotolewa katika kitambulisho, na aghalabu ni picha ya mtu aliyekwisha kufa. Bei husemwa kwa ukubwa wa fremu na idadi ya watu, arbuni hutolewa, na hapo mchoraji hodari huanza kuuliza. Marehemu alikuwa mrefu? Akicheka alifumba macho? Ngozi yake ilikuwa ya maji ya kunde, au nyeusi ya kung'aa? Ni nani katika watoto wake aliyemfanana zaidi? Kisha huomba mtoto huyo aje akae kitako mbele yake, ili mfupa wa shavu uliopotea katika kipande cha kitambulisho uonekane tena katika uhai.

Baada ya hayo ndipo kazi ya mikono huanza. Kitambaa cha marekani huwambwa juu ya fremu ya mbao, hupakwa rangi nyeupe iliyotiwa gundi mara mbili au tatu, na kila tabaka ikikauka husuguliwa kwa msasa. Picha ndogo hugawanywa kwa miraba, na kitambaa hugawanywa kwa miraba ile ile iliyokuzwa, kisha kila mraba huhamishwa kwa penseli au kwa mkaa. Mwanafunzi hudhani kwamba hapo kazi imekwisha, kumbe haijaanza. Miraba huonyesha mahali pa jicho, lakini haimwonyeshi mtu anayetazama kwa jicho hilo.

Kisha huja ngozi, na hapa ndipo penye elimu kubwa. Ngozi nyeusi haichorwi kwa rangi nyeusi. Achukuaye nyeusi akaichanganya na nyeupe ili apate mwangaza, hupata rangi ya majivu, na uso huwa kama wa maiti. Msingi ni kahawia nzito. Penye kivuli huongezwa buluu au zambarau. Penye joto la damu, yaani masikioni, puani na midomoni, huongezwa nyekundu. Penye mwangaza wa paji la uso huongezwa manjano ya udongo, au buluu hafifu ikiwa mwanga unashuka kutoka mbinguni na si kutoka katika taa. Maarifa haya hayapatikani kwa kusifiwa. Hupatikana kwa nyuso nyingi, moja baada ya moja, kila uso ukiwa na mwenyewe atakayekuja kusema, "Huyu siye."

Siku isiyo na mteja, mchoraji huyo huyo huchukua masalio ya rangi akachora lililo moyoni mwake: ng'ombe wakiswagwa gizani kuelekea machinjioni, au mama akichota maji ya mafuriko sebuleni mwake. Hapo hana miraba wala picha ya kufuata. Huanza kwa doa, hufuta, hugeuza, huiacha kazi mwezi mzima ikiegemea ukuta. Njia ni nyingine, lakini mkono ni ule ule. Uso wa yule mswaga ng'ombe, ambao mtazamaji huusifu kwa kuwa umetoka rohoni, umetoka wapi kama si katika nyuso zote ambazo mchoraji alilipwa azichungulie? Picha ya nafsi hula akiba iliyowekwa na picha ya kuagizwa. Kumtukuza mlaji na kumdharau mweka akiba si busara.

Yasemwa kwamba agizo huua uhuru, na pasipo uhuru hapana sanaa. Wasemao hivyo wangefaa waanze na fasihi ya Kiswahili yenyewe. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, Bwana Mwengo aliutunga kwa kutakiwa na mfalme wa Pate. Hapana mwanachuoni aliyeutoa katika fasihi kwa sababu hiyo. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na mwanafunzi wa Makerere, aliagizwa katika miaka ya 1950 achore kuta za kanisa kuu la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Habari hakuichagua yeye. Alipewa maisha ya Yesu. Naye aliyaweka miongoni mwa watu na vilima vya nchi ile, Kristo akiwa Mwafrika, na hata leo jina lake halitajwi bila kuta zile. Huko Uholanzi, walinzi wa mji wa Amsterdam walimlipa Rembrandt awachore pamoja. Desturi ilitaka wapangwe kwa safu ili kila mmoja aonekane sawa na fedha aliyotoa. Mwaka 1642 aliwakabidhi picha ambamo wamo katika msukosuko wa kuondoka, wengine gizani na wengine nuruni. Agizo lilimpa watu, na yeye akawapa mwendo.

Walakini hoja ya uhuru ina udhaifu mkubwa kuliko huo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, na picha zake zikauzwa Oyster Bay, wanunuzi wengi wakiwa wageni. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Wafuasi wake waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Ubunifu wa mwanzilishi haukanushwi na mtu. Lakini twiga na chui wasiohesabika waliofuata nyuma yake, ni nani aliyewaagiza? Hapana aliyeacha arbuni, hapana aliyetaja siku, na hata hivyo waliagizwa na mfuko wa mtalii, kimya kimya, mwaka baada ya mwaka. Agizo lisilosemwa ni gumu kulikataa kuliko lililosemwa, kwa maana hapana mtu wa kujibizana naye. Mteja wa Vingunguti ana jina, na hurudi Jumamosi kuuliza. Mchoraji aweza kushindana naye uso kwa uso. Basi picha iitwayo huru huenda ikawa mtumwa, na picha iitwayo mtumwa ikawa uwanja wa uhuru.

Uwanja huo una vita vyake, na si halali kuwapendelea wateja. Wako waombao sura ing'arishwe, pua ipunguzwe, kovu lifutwe. Huo ni mkorogo uliohamishwa kutoka dukani hadi kwenye brashi. Hoja yao ni moja: anayelipa ndiye mwenye kuamua. Mwaka 1954 wabunge wa Uingereza walimwagiza Graham Sutherland amchore Winston Churchill kwa ajili ya kutimiza miaka 80. Mchoraji alimchora mzee, mzito, aliyechoka. Churchill aliichukia picha ile, na baadaye ikaharibiwa kwa amri ya mkewe. Fedha ilinunua kitambaa, na fedha iliweza kukiharibu. Lakini haikumfanya mzee awe kijana, na uharibifu ule umeitangaza picha kuliko ambavyo ukuta wowote ungeitangaza.

Haina maana kwamba mchoraji awe mkatili. Kipele cha juzi si cha mtu, ni cha siku. Kukiacha nje si uongo. Kovu la miaka 40 ni la mtu, na rangi ya ngozi ni ya mtu na ya wazazi wake. Mchoraji anayejua kutenganisha hayo mawili ana adili la kazi yake. Asiyejua ni mwuza rangi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mchoraji akilipwa kwa kusifu watu, huutia uso maji hata ukakosa ladha.

Wengine husema kwamba kamera imekwisha kuimaliza kazi hii. Hao huiamini mashine kupita kiasi. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, filamu za rangi zilipimwa kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, na mtu mweusi akatoka kama kivuli chenye meno. Simu nyingi za leo zina kosa la kinyume: hulainisha ngozi na kuing'arisha zenyewe, hata pasipo kuombwa. Anayeinakili simu hunakili kosa lake. Ndiyo maana yale maswali ya barazani, na yule mtoto aliyeketi badala ya baba yake, si mapambo ya kazi, bali ni kazi yenyewe.

Maana ni lazima ifikiriwe picha hiyo inakwenda wapi. Picha ya nafsi, ikinunuliwa, yaweza kwenda nchi ya mbali, na asiyeipenda hana hasara. Sura ya marehemu hutundikwa sebuleni Vingunguti, na mjukuu aliyezaliwa baadaye hamjui babu mwingine ila yule wa ukutani. Ikiwa babu huyo ameng'arishwa, mjukuu atamrithi mtu ambaye hakuwako, na atajitazama katika kioo akajiona amepungukiwa.

Basi wanaofundisha sanaa vyuoni na waipeleke sura ya kuagizwa darasani, waifundishe tangu swali la kwanza la barazani hata rangi ya mwisho ya paji la uso. Wahakiki na waihukumu kwa ukali ule ule waihukumuo picha ya maonyesho. Nao wachoraji na watie jina lao katika sura walizolipwa kuzichora, pembeni, kwa herufi zinazosomeka. Asiyethubutu kutia jina katika uso wa baba wa mtu, ama ameona haya bure, ama anajua kwamba amedanganya.