Wametuhesabu Vya Kutosha, Sasa Jedwali Tutengeneze Sisi

Kibarani tumehesabiwa jamani, mpaka basi. Leo anakuja dada na tableti anauliza choo chenu ni cha aina gani. Mwezi ujao ni kijana wa fulana ya shirika, anataka kujua mnachota maji wapi. Nyanya yangu huwajibu wote, tena anawatolea kiti. Sasa muulize kama kuna hata mmoja alirudi kumwonyesha majibu ya majirani zake yalisemaje. Atakucheka.

Na ubaya ni kwamba wanaouliza ni sisi wenyewe. Tunapewa tableti na posho ya siku, tunatembea juani kutoka Tezo hadi Dabaso, tukimaliza tunatuma fomu na kazi imeisha. Jedwali linachorwa kwingine na watu wasiojua hata njia ya kufika hapa. Sisi ni miguu tu ya utafiti wa wengine. Hiyo ndiyo mimi nakataa.

Najua mtu ataniambia data ni ya wasomi. Wapi! Mimi chuo niliacha na hii kitu nimeijua kwa laptopu ya kuazima na bando. Mstari mmoja ni nyumba moja, kila swali na safu yake. Kazi ya kuchosha ni kusafisha: huyu kaandika Kibarani, yule Kibaraani, na kompyuta inaona ni vijiji viwili. Ukishasawazisha majina, unabonyeza PivotTable kwa Excel ama Google Sheets, unachagua kijiji na swali, na fomu mia tatu zinakuwa jedwali la kuenea kwa skrini ya simu. Ni dakika mbili, bana.

Hapo ndipo utaona kwa nini hawa watu wanapenda neno wastani. Chukua nyumba tano za mfano. Kufika kwa maji ni dakika 5, 5, 10, 10 na 120. Wastani ni dakika 30. Ripoti itaandika dakika 30, kiongozi atasoma jukwaani dakika 30, na hakuna hata nyumba moja kati ya hizo tano inayotembea dakika 30! Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, shika ya katikati: ni 10. Halafu uliza ile ya 120 iko wapi. Swali la wapi haliwezi kujibiwa na wastani, linataka ramani.

Ndio maana pia namba moja ya kaunti nzima hainitoshi. Sensa ya 2019 ilisema Kilifi tuko watu 1,453,787. Sawa. Mtwapa na Ganze ziko ndani ya namba hiyo hiyo, na anayezijua zote mbili anajua maisha ya huku na kule si mamoja.

Ramani nayo si uchawi. KoboToolbox inachukua jibu pamoja na mahali ulipo kwa GPS ya simu. QGIS ni ya bure. Laptopu yako ikiwa imechoka, Google My Maps inapokea jedwali lako moja kwa moja, mistari 2,000 kwa kila tabaka. Vijana wa Kibera walichora mtaa wao mwaka 2009 kupitia Map Kibera, wakati kwenye ramani za mtandaoni palikuwa karibu patupu. Walikuwa wakazi wa hapo hapo, na GPS mkononi.

Ila kuna mtego. Ukichora idadi tupu ya wagonjwa, umechora tu mahali watu wamejaa. Lazima ugawanye kwa idadi ya wanaoishi pale. Hili tuna mfano wake hapa nyumbani. Tangu mwaka 2000 watafiti wa KEMRI-Wellcome wanahesabu watu nyumba kwa nyumba katika eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali ya Kilifi. Kenya ilipoanza kuwachanja watoto dhidi ya nimonia ya pneumococcus mwaka 2011, hapa ingewezekana kusema ugonjwa umeshuka kiasi gani, kwa sababu walijua ni watoto wangapi wanaishi wapi. Basi kazi ya maana inawezekana Kilifi, asitudanganye mtu.

Na usiniletee ramani yenye nukta juu ya boma la mtu ikisema huyu hana choo. Hiyo ni aibu ya mwenzako unaianika, na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Jumlisha kwa kijiji, majina yafutwe.

Data za kaunti je? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Barua haina karo wala haiulizi una digrii gani. Tuombe takwimu za maji za wadi yetu, tuziweke kando ya za kwetu tulizokusanya wenyewe, halafu siku ya kujadili bajeti mwakilishi wadi aikute ramani ishabandikwa ukutani kabla hajashika maiki.

Naanza na upande wetu wa Kibarani, maji tu, maswali sita. Mwenye laptopu aje nayo, mwenye bando atugawie. Posho hakuna.