Oili si oili tu

Ushauri wa oili kwenye vijiwe vya bodaboda Kituntu, wilayani Karagwe, hutolewa bure, ila bili yake huja kulipwa kwa fundi.

"Oili ni oili, ya gari inafaa pikipiki." Haifai, na sababu iko kwenye klachi. Klachi ya pikipiki ya Boxer, kama ya bodaboda nyingi, imezama kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingi za magari madogo hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lisinywe sana petroli, wakati sahani za klachi zinauhitaji msuguano huohuo ili zishikane. Utaona mlimani: mikungu ya ndizi nyuma, injini inanguruma, gurudumu halifuati. Dereva ananunua sahani mpya, kisha anamimina oili ileile! Kopo la oili ya pikipiki huandikwa JASO MA au MA2. Hilo ndilo la kutafuta.

"Karagwe ni baridi, oili ya 20W-50 ni nzito mno." Baridi yetu ni ya kuvaa sweta tu. Uwezo wa 20W kuruhusu injini iwake hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ile 50 hupimwa kwenye nyuzi 100. Fuata kitabu cha pikipiki.

"Ikiwa nyeusi imekufa." Si lazima, imebeba masizi, na ndiyo kazi yake. Hesabu kilomita.

"Oili chafu inatosha kwenye cheni." Ina chembe za chuma, na ikishika vumbi letu jekundu inageuka msasa. Wanaoipaka vidonda vya ng'ombe, au vyao wenyewe, ndio hunitisha: ina kemikali zinazoweza kuleta saratani.

"Beringi ya mashine ya kukoboa kahawa ijazwe grisi mpaka imwagike." Grisi ikizidi hukosa pa kwenda, beringi inachemka. Kwa inayozunguka kasi, theluthi moja hadi nusu ya nafasi ya ndani inatosha.

La mwisho husemwa kwa sauti ya chini: "Kondomu za siku hizi ni feki, zinapasuka." Kabla ya kulaumu kondomu, uliza ilipakwa nini. Nyingi ni za mpira wa lateksi, na mafuta ya mgando hutokana na mafuta ghafi. Bruce Voeller na wenzake walichapisha majaribio yao mwaka 1989: sekunde 60 tu za kugusana na mafuta ya madini, ambayo nayo hutokana na mafuta ghafi, kondomu ikapoteza karibu asilimia 90 ya nguvu yake. Losheni yenye mafuta, mafuta ya nazi na ya kupikia nayo hayafai. Kinachotakiwa ni kilainishi cha maji au cha silikoni. Ulizia duka la dawa, wala usione aibu. Cha maji kikianza kukauka, ongeza matone ya maji. Ukikikosa kabisa, tumia kondomu kwa ulaini iliotoka nao kiwandani, usiongeze kitu.