Tusiisingizie Simu Kila Ugonjwa wa Macho

Kila tunapokuwa likizo huku Mbangala, wilayani Songwe, kuna maneno tunayoyasikia kigango hadi kigango: simu zinawaua watoto macho. Anayasema mwalimu, anayasema katekista, anayasema mama anayewauzia vitumbua wachimbaji wadogo wa dhahabu. Sisi mafrateri tunaambiwa zaidi ya wengine, maana vitabu vyetu vingi vya falsafa siku hizi tunavisoma kwenye simu. Nakala za maktaba ni chache, darasa ni kubwa, na Aristotle wa kwenye simu hapangiwi zamu. Macho yakiwasha, kichwa kikigonga, herufi zikianza kuonekana mbilimbili, hukumu inatoka hapo hapo: ni simu.

Tunaomba kesi hii isikilizwe upya, kwa sababu hukumu hiyo ina watu inaowaumiza.

Mwalimu wa falsafa hachoki kutukumbusha kwamba kinachosababisha jambo ni kimoja, na kinacholifunua ni kingine. Mvua haitoboi bati. Inaonyesha tundu lilipo. Tuchukue astigmatizimu, kasoro ambayo wengi wetu huambiwa tunayo tunapopimwa macho kwa mara ya kwanza. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ingepaswa kupinda sawasawa pande zote kama mpira. Kwa mwenye kasoro hii imepinda zaidi upande mmoja, kama mgongo wa kijiko. Mwanga ukiingia haukutani mahali pamoja, na herufi zinakuwa na kivuli, karibu na mbali. Mara nyingi mtu huzaliwa na umbo hilo. Mwingereza Thomas Young aliieleza kasoro hii mwaka 1801 baada ya kulipima jicho lake mwenyewe, na katika miaka ya 1820 mwanafalaki George Airy akatengenezewa lenzi ya kuirekebisha. Wakati huo hapakuwa na televisheni, sembuse simu.

Kwa hiyo skrini haipindi konea. Inachofanya ni kulibana jicho ambalo tayari lina kasoro: maandishi madogo, saa tatu mfululizo, mpaka jicho linalalamika. Anayetafuta tabia ya kuiogopa kwa ajili ya konea aogope kufikicha macho kwa nguvu kila mara, maana hilo ndilo linaloweza kuharibu umbo lake.

Hatusemi kwamba simu haina kosa. Mtu anayekodolea skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na jicho lisilopepeswa hukauka na kuwasha. Misuli inayolisaidia jicho kuona karibu huchoka, kama mkono ulioshika ndoo bila kuishusha. Kwa watoto kuna jambo zito zaidi, nalo ni kutoona mbali. Kazi nyingi za karibu na siku nyingi za kukaa ndani huambatana na tatizo hilo. Huko Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu waliopata tatizo hilo walikuwa wachache kuliko wenzao ambao hawakuongezewa. Simu inamdhuru mtoto hasa kwa kumnyima uwanja. Na uwanja Mbangala tunao, bila malipo.

Lakini tuone hukumu ya haraka inavyoumiza. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 2,511 wa sekondari jijini Mwanza. Wanafunzi 154 walikuwa na kasoro kubwa za kuona zinazorekebishwa kwa miwani, na wengi wao tatizo lilikuwa kutoona mbali. Waliokuwa na miwani hawakufika hata theluthi moja. Tukumbuke mwaka huo: mwanafunzi wa Mwanza alikuwa hajaijua simu ya kupangusa. Tatizo lilikuwepo, na dawa yake ilijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kumpima na miwani ya kumpa.

Sasa mweke kijana kama huyo katika shule ya kijijini. Ubao haumfikii. Nyumbani anaambiwa aache simu, ambayo pengine ni ya baba na anaishika Jumapili tu. Anaiacha, na ubao bado haumfikii. Mwalimu anamwona mvivu, naye mwenyewe anaanza kuamini hivyo. Machimbo yako karibu, na huko hakuna anayeulizwa kilichoandikwa ubaoni. Tumempoteza kijana, na tumemwachia simu lawama.

Wapo wanaosema miwani huzoesha macho uvivu. Si kweli, miwani iliyopimwa vizuri hailidhoofishi jicho. Wapo pia wanaonunua miwani ya kuzuia mwanga wa bluu wakidhani wamemaliza kazi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba lenzi hizo hupunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi. Hiyo fedha ni nauli ya kwenda kupimwa.

Kanisa si geni katika jambo hili. Miwani ilianza kutumika Italia mwishoni mwa karne ya 13. Kumbukumbu za Wadominiko wa Pisa zinasema kwamba aliyeitengeneza kwanza hakutaka kuwafundisha wengine. Ndugu Alessandro della Spina, aliyefariki mwaka 1313, akajifunza kuitengeneza mwenyewe na kuwashirikisha watu kwa moyo mkunjufu. Mtawa huyo alielewa kwamba kumwezesha mtu kusoma ni tendo la huruma.

Na kuelekeza tu hakutoshi. Katika jaribio lililofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008, wanafunzi waliopewa miwani bure, asilimia 47 walikuwa wakiitumia au wanayo shuleni baada ya miezi mitatu. Waliopewa karatasi ya vipimo peke yake, ni asilimia 26 waliokuwa wakiitumia au wanayo shuleni. Hata ya bure haikuvaliwa na wote, maana mtoto huogopa kuchekwa. Hapo ndipo katekista na mzazi wana kazi ambayo daktari hawezi kuifanya.

Basi tunapendekeza yaliyo ndani ya uwezo wetu. Sisi wa seminarini, kila dakika 20 tuinue macho, tutazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20, na tupepese. Kila frateri apimwe macho anapoanza masomo, kabla ya mtihani wa kwanza kumhukumu. Parokia nazo zina siku iliyo tayari: tarehe 13 Desemba, kumbukumbu ya Mtakatifu Lusia, msimamizi wa wenye magonjwa ya macho, wakati wanafunzi wako likizo. Paroko aombe mtaalamu wa macho kutoka hospitali ya wilaya Mkwajuni au Mbeya mjini aje kigangoni, na jumuiya ndogo ndogo zichangie miwani ya wasio na uwezo.

Na mzazi anayetaka kuanza leo jioni, kabla ya kumnyang'anya mtoto simu, amwambie afunike jicho moja, asome maandishi ya kalenda iliyo ukutani, kisha abadilishe jicho. Akishindwa, ampeleke akapimwe.