Kofia ya Babu Haikutoka Burma

Mwaka 1998, nilipokuwa nikifunza historia katika shule moja ya upili karibu na Busia, niliwaagiza wanafunzi wa kidato cha tatu kila mmoja alete darasani kitu cha nyumbani kwao kilicho na umri mkubwa kuliko Uhuru wetu. Wakaja na vibuyu, taa za chemli, hata kipande alichovishwa mzee shingoni enzi za mkoloni. Kijana mmoja kutoka upande wa Samia alileta kofia ya kitambaa yenye ukingo mfupi mbele, iliyojaa mabaka ya kijani, hudhurungi, nyeusi na rangi ya mchanga. Alisimama wima akatangaza kwamba babu yake aliivaa Burma mwaka 1944, akiwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles. Darasa likashangilia. Mimi niliipokea, nikaiweka mezani, kisha nikaanza kutaabika moyoni.

Nilitaabika kwa sababu kofia ile haikuweza kufika Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita katika bonde la Kabaw mwaka huo, haikuvaa mabaka. Vijana wetu walikwenda huko na nguo za rangi moja na kofia pana za ukingo. Ni kweli kwamba Waingereza walikuwa na koti la mabaka wakati wa vita hivyo, lile la Denison, lakini hilo lilikuwa la askari wa miavuli. Mabaka ya namna niliyoyaona mezani yaliingia katika jeshi la Uingereza miaka ya 1960, babu wa watu akiwa tayari amerudi kulima muhogo wake.

Nilipoigeuza kofia ndani nje, lebo ikanithibitishia. Ilikuwa na nambari ya tarakimu 13. Mwanafunzi unayesoma safu hii, jifunze kuisoma nambari hiyo, maana ni shahidi asiyehongwa. Tarakimu mbili za kwanza, 84, ni za kundi la mavazi. Ya tano na ya sita hutaja nchi iliyoisajili bidhaa: 99 ni Uingereza, 12 ni Ujerumani, 00 na 01 ni Marekani. Na mtindo huu wa tarakimu 13 Wamarekani walianza kuutumia mwaka 1974. Awali Wamarekani walitumia tarakimu 11. Kwa hiyo nguo yenye 13, hata ikisifiwa namna gani, haiwezi kuwa ya Vita vya Pili vya Dunia.

Sikumwaibisha kijana mbele ya wenzake. Baada ya kipindi nilimwita, nikamwonyesha lebo, nikamwomba akaulize nyumbani. Alirudi siku ya tatu, uso umemwinama. Babu alikwenda Burma kweli, na cheti chake cha kuachishwa jeshi kingalimo sandukuni. Alirudi na kofia yake pana, ikakaa ukutani miaka mingi. Lakini Desemba 1987, risasi ziliporindima mpakani hapa Busia baina ya majeshi ya Kenya na Uganda, shangazi alihofia kwamba yeyote atakayeingia nyumbani ataiona na kuwadhania waasi. Akaitumbukiza chooni. Mzee hakusema neno, ila alizoea kuutazama msumari uliobaki ukutani. Miaka michache baadaye mwanawe alipita soko la Malaba, akaona kofia ya jeshi katika rundo la mitumba, akamnunulia. Mzee akaitundika pale pale. Alipofariki, wajukuu hawakujua kwamba kuna kofia mbili.

Nimesimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu wako wanaodhani kwamba kuchunguza uhalisi wa nguo kuukuu za kijeshi ni anasa ya Wazungu wenye makabati ya vioo. Hapa kwetu mpakani, penye barabara iliyoipa lugha yetu neno bodaboda, nguo hizi hupita kila uchao, na kila moja hupita na hadithi yake. Ujerumani mbili zilipoungana tarehe 3 Oktoba 1990, jeshi la Ujerumani Mashariki lilivunjwa na maghala yake ya sare yakatawanyika duniani. Katika miaka ile nilinunua Malaba koti la rangi ya udongo lenye vistari vifupi vya wima, kama manyunyu ya mvua. Mchuuzi aliniapia kwamba lilivuliwa na mlinzi wa Idi Amin wakati wa kutoroka mwaka 1979. Ndani kulikuwa na mhuri wa "m 48", na ndivyo Wajerumani wale walivyoandika vipimo: herufi ya urefu wa mtu, kisha nambari ya kifua. Sikumlaumu mchuuzi. Koti la Amin lina bei, koti la fundi wa Ujerumani asiye na jina halina. Lakini je, mwalimu angeliingiza koti lile darasani kama ushahidi wa vita vya Kagera, angekuwa amefunza nini?

Lebo nayo yaweza kudanganya, kwani hung'olewa hapa ikashonwa pale. Tazama uzi wake: kama ni mpya kuliko uzi wa mishono ya kando, jihadhari. Chomoa kipande kidogo cha uzi ukichome. Pamba huungua ikabaki jivu laini, ilhali uzi wa poliesta huyeyuka ukawa kishanga kigumu, na poliesta haikushona sare za mwaka 1944. Wabadilishaji fedha wa Busia wana zile taa za kuchunguzia noti bandia. Niliwahi kumwomba mmoja animulikie shati (alinicheka, kisha akapendezwa kuliko mimi). Nyuzi za kisasa aghalabu hung'aa chini ya taa hiyo, za zamani hubaki kimya. Hata hivyo usilitegemee jaribio hili peke yake, kwa kuwa sabuni za unga za leo hukitia mng'ao hata kitambaa cha zamani. Angalia pia uchakavu. Nguo iliyovaliwa kazini huchakaa viwikoni, shingoni na penye mkanda. Iliyochakazwa kwa hila huchakaa popote mkono wa mdanganyifu ulipofika.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Sheria yetu inamkataza raia kuvaa sare za majeshi au mavazi yanayofanana nazo, na ng'ambo ya pili mkono wa sheria ni mzito zaidi. Septemba 2019 serikali ya Uganda ilitangaza katika gazeti rasmi kwamba bereti nyekundu ni mali ya jeshi, nayo ndiyo iliyokuwa alama ya wafuasi wa Robert Kyagulanyi, almaarufu Bobi Wine. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba raia wasihukumiwe katika mahakama za kijeshi. Kufikia Mei mwaka huo huo Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwarudisha huko kwa makosa kadhaa. Mwanafunzi wa Malaba anayevuka kwenda kumwamkua shangazi yake Tororo na kofia ya mabaka kichwani hajui anacheza na nini. Mzazi, ivue kofia hiyo kabla askari hajaivua.

Sipingi katazo lenyewe. Majambazi wamewahi kuvaa sare wakawaibia na kuwaua watu, na mwananchi asiyeweza kumtambua askari wa kweli hana usalama. Ninachopinga ni kuchanganya kuvaa na kuhifadhi. Hofu iliyomfanya shangazi yule aitumbukize kofia chooni haijatoweka. Kila msako unapovuma sokoni, watu huchoma vitu, na anayechoma hatenganishi kofia iliyoletwa juzi na bunda la mitumba na ile iliyotoka Kabaw. Hivyo wazee waliotumikia Keya wanakufa, na vitu vyao vinakufa nyuma yao. Mjukuu atakapotaka kuuliza nani kutoka kwetu alipigana vita vya watu wengine, na kwa malipo gani, atabaki na vitabu vilivyoandikwa na maafisa.

Naomba jambo dogo. Wizara za elimu na ulinzi, pamoja na Makavazi ya Taifa, zitoe mwongozo wa maandishi utakaomruhusu mwalimu kupokea kitu cha namna hii, kukipiga picha, kukiandikia asili yake na kukipeleka panapostahili, bila yeye wala mwanafunzi kugeuzwa mshukiwa. Hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mtu wa kutia sahihi.

Yule kijana wa Samia tulikubaliana aandike kadi ya kuwekwa kando ya kofia katika kabati la darasa. Aliandika kwamba hii ni kofia ya Uingereza iliyotengenezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ikanunuliwa Malaba na mwana kwa ajili ya baba yake, aliyepigana Burma na kupoteza kofia yake mwaka 1987. Sijasoma insha bora zaidi katika maisha yangu ya ualimu. Muhula uliofuata mkuu wetu wa shule alisikia kuna msako, akaiteketeza kofia nyuma ya jiko. Kadi aliisahau, na ninayo hadi leo.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mwalimu Malaba, aliniuliza afanyeje na kofia pana ya ukingo aliyoletewa na mtoto wa darasa lake. Uzi wake ni wa pamba na ndani yake mna alama ya mshale, ile iliyopigwa kwenye mali ya serikali ya Uingereza. Nilimshauri asiipeleke shuleni kwanza, bali awaandikie Makavazi na mkuu wa kituo cha polisi. Barua amezipeleka. Majibu bado.