Raba feki za mbio Eldoret: Msee wa OG, punguza kicheko, toa mizani

Ukisimama alfajiri kando ya barabara ya Iten, pale Kimumu, usiangalie sura za wanaokimbia. Angalia miguu. Waridi, machungwa, kijani cha kuumiza macho. Kwa mbali kila mtu amevaa raba za Kipchoge. Zikikaribia, hadithi inabadilika. Kuna zilizotoka kwa sponsa, kuna mitumba, na kuna ambazo hazijawahi kuona ndani ya kiwanda cha kampuni ambayo jina lake limechapishwa ubavuni.

Feki si kitu kigeni kwetu. Hii ni kaunti ya mahindi, na mwaka 2024 kuna wakulima waliouziwa mbolea ya ruzuku ambayo haikuwa mbolea. Mwambie mtu wa Uasin Gishu kwamba gunia linaweza kudanganya, atakuelewa kabla umalize sentensi. Ajabu ni kwamba mbolea feki ilitufanya tumkasirikie muuzaji. Raba feki inatufanya tumcheke aliyeivaa.

Na wanaoongoza kicheko ni wapenzi wa viatu. Unawajua, huenda hata ni wewe. Mtu ana miguu miwili na jozi kumi na tano, maboksi yamepangwa hadi darini, na karatasi ya ndani ya boksi hathubutu kuitupa. Akikutana na wewe mjini, macho yake yanashuka kwanza, ndipo anakusalimia. Ukivaa feki, jioni hiyo hiyo picha ya mguu wako iko kwenye grupu ya WhatsApp na watu sabini wanajicheka.

Sina shida na mtu kupenda viatu. Shida yangu ni kwamba hawa watu wana ujuzi ambao mji huu unauhitaji sana, na wanautumia baada ya pesa kuliwa. Kabla ya hapo wananyamaza kama maji mtungini.

Ujuzi wenyewe ni huu. Msee anayejua viatu hatazami nembo kwanza, kwa sababu nembo ndiyo kitu rahisi zaidi kuiga. Anafungua ulimi wa kiatu, anasoma nambari ya modeli kwenye lebo ndogo ya ndani, kisha anailinganisha na ile ya boksi. Anaitafuta mtandaoni: je, nambari hiyo ni ya kiatu hicho, kwa rangi hiyo? Feki nyingi huchapishwa lebo moja kwa rangi tano. Ananusa gundi. Anabonyeza soli kwa kidole gumba aone kama inarudi haraka. Anajaribu kukunja kiatu katikati, kwa sababu raba ya mbio yenye bamba la kaboni haikunjiki kama chapati. Mwisho, na hii ndiyo ninayoipenda, anaweka kiatu kimoja juu ya mizani ya jikoni.

Mizani haina maneno mengi. Ile Adidas Adizero Adios Pro Evo 1 ambayo Tigst Assefa wa Ethiopia aliivaa Berlin Septemba 2023 akikimbia 2:11:53 ina gramu 138 tu. Kuchora mistari mitatu ubavuni ni kazi ya dakika chache, lakini kutengeneza soli nene yenye uzito huo ni kazi ya maabara. Sponji ya bei rahisi ni nzito, na hakuna rangi inayoweza kuficha gramu.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo, kwa sababu watu wengi bado wanadhani vita vya feki ni vya kulinda matajiri wa Marekani na Ujerumani. Kama ni raba ya kwenda nayo Zion Mall, sawa, mdhurika mkubwa ni jina lako. Lakini raba ya mbio ni chombo cha kazi. Mwaka 2017 Nike ilileta Vaporfly 4%, na hiyo 4 haikuwa urembo: utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, uliofadhiliwa na Nike yenyewe, ulipata kwamba wakimbiaji 18 walitumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4 wakilinganishwa na walipovaa viatu vingine vya mbio. Siri iko ndani ya soli, sponji maalumu na bamba la kaboni vikifanya kazi pamoja. Oktoba 12, 2019 Eliud Kipchoge akakimbia 1:59:40 kule Vienna. Kesho yake Brigid Kosgei akakimbia 2:14:04 Chicago, akafuta rekodi ya Paula Radcliffe iliyokuwa imekaa tangu 2003. Wote walikuwa wamevaa raba za ukoo huo.

Wazee wetu hupenda kujibu kwamba Abebe Bikila alishinda marathon ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli kabisa. Lakini alioshindana nao hawakuwa na kaboni mguuni.

Sasa mchukue kijana wa miaka 21 aliyetoka Kapsabet, anakodi chumba kimoja na wenzake wawili, anafanya mazoezi mara mbili kwa siku na anasubiri mbio moja ya kuonekana na ajenti. Alphafly 3 ilipoingia sokoni ilikuwa dola 285. Kwa dola ya shilingi 129, hiyo ni zaidi ya shilingi 36,000 kabla ya usafiri na ushuru. Hana. Anaikuta mjini kwa elfu nne, mpya, na boksi lake. Analipa, na huenda ni pesa ya chakula cha wiki mbili. Anachovaa ni umbo la Alphafly lililojazwa sponji ya kawaida, labda na kipande cha plastiki mahali pa kaboni, labda bila chochote. Nguvu unayookoa haigeuki moja kwa moja kuwa muda, lakini hata asilimia 2 ya saa mbili na dakika 15 ni karibu dakika tatu. Ajenti hatajua kilichokuwa ndani ya soli. Ataona tu nambari 14 kwenye orodha ya matokeo na kufunga daftari.

Huyo ndiye tunayempiga picha na kumcheka.

Wakusanyaji wa visu vya mfukoni kule Marekani wamepitia mjadala kama huu, na kuna kitu wanachotushinda. Kwanza wanatenganisha mambo mawili: kisu kinachoiga umbo la kingine lakini kinabeba jina lake chenyewe, na kisu kinachobeba nembo ya kuibiwa. La kwanza wanabishania hadi usiku. La pili halina mjadala. Wametendwa sana, maana kampuni kama Spyderco, inayojulikana kwa lile tundu la duara kwenye ubao wa kisu, imeigwa miaka na mikaka. Na kisu feki kina hatari yake: kufuli ya ubao ikiteleza, kisu kinajifunga na vidole viko njiani. Ndiyo maana mkusanyaji makini hufundisha wageni jinsi ya kukagua, na akigundua ameuziwa feki haiuzi tena kwa mwingine ili arudishe pesa yake. Hapa kwetu? Msee wa OG akigundua amechezwa, wiki ijayo jozi hiyo iko kwenye status yake: “Nimevaa mara mbili tu, bei ni mazungumzo.” Tafadhali.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa OG hawapendi kuguswa. Eldoret na Iten zina utajiri ambao Nairobi haina: raba halisi kutoka kwa wanariadha wenyewe. Mtu mwenye mkataba anapewa jozi nyingi, baadhi anauza, nyingine anagawa kwa vijana wa kambi. Biashara nzuri sana. Lakini sponji ya raba hizi inachoka mapema, kabla ya kitambaa cha juu kuonyesha dalili. Ile Evo 1 ya dola 500, Adidas yenyewe ilisema imeundwa kwa marathon moja na mazoezi kidogo ya kuizoea. Kwa hivyo jozi iliyokimbia msimu mzima, ikaoshwa, ikabadilishwa kamba na kuuzwa kama “OG, safi kabisa”, ni halisi kwa jina tu. Anayeiuza hawezi kumtazama mchuuzi wa feki kwa dharau sana. Uliza imekimbia kilomita ngapi. Akisema “si nyingi”, geuza soli uone kisigino.

Na serikali je? Sheria tunayo tangu 2008, na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ina ofisi hapa hapa Eldoret. Anayeuza ghushi akipatikana na hatia mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa hizo, au vyote. Makosa hayo yanahusu biashara, kwa hivyo wewe uliyevaa jozi moja usiogope askari. Ila tuseme ukweli, msako ukija, anayebebwa ni mama aliyetandaza turubai, si aliyeingiza kontena. Mzigo wenyewe unatoka mbali. Mji wa Putian huko Fujian, China, ulijifunza kushona viatu vya kampuni kubwa tangu miaka ya 1980, kisha ukajulikana duniani kwa nakala zake. Ripoti za OECD zinaonyesha viatu viko juu kila mara kwenye orodha ya bidhaa ghushi zinazokamatwa mipakani. Mchuuzi wa Eldoret ni mkia wa nyoka mrefu sana.

Ndiyo maana sisubiri msako. Nasubiri wale wa grupu ya watu sabini wabadilishe kazi. Tuma picha ya lebo, si picha ya mguu wa mtu. Andika uzito wa jozi yako halisi, saizi kwa saizi, kijana wa Kapsabet awe na cha kulinganisha akiwa bado na elfu nne zake mfukoni. Na akikuuliza “sasa nivae nini?”, usimwambie aokote elfu 36. Kwa elfu nne hizo hizo anaweza kupata raba ya mazoezi ya kawaida, ya mitumba, isiyo na kaboni na isiyodai kuwa nayo, na itamfaa kuliko feki ya kung’aa. Mwaka 2016 kampuni ya Kenya, Enda, ilichangisha pesa mtandaoni na raba yake ya kwanza ikaiita Iten. Haikujifanya ya mtu mwingine.

Mizani ya jikoni ni mia chache kwa duka la vyombo. Ukienda kununua raba wikendi hii ibebe kwa begi, na muuzaji akikataa usiitoe, hapo umeshajibiwa, rudi stejini.