KIJANA, USITIE DOLE KABLA YA WAKILI!

Kijana wa Sola, siku ukisombwa na difenda, chunga sana karatasi utakayosukumiwa utie sahihi kabla ndugu zako hawajajua uliko.

Waulize wazee habari za 1976. Huku kwetu kukiwa bado mkoa wa Shinyanga, raia walikamatwa kwa tuhuma za mauaji, wakateswa, na wengine wakafia mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Waziri aliondoka, chumba cha mahojiano kikabaki vilevile: polisi na mtuhumiwa, mlango umefungwa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inasema aliye chini ya ulinzi akiomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, polisi wamwezeshe. Hulazimiki kujibu zaidi ya jina na anwani. Lakini sheria hiyohiyo inampa polisi mwanya wa kukuzuia kuwasiliana na ndugu au rafiki kwa madai kwamba ushahidi utaharibiwa. Mwanya huo uzibwe!

Hadi hapo, usikae kimya. Omba wakili kwa sauti, mahabusu wenzako wasikie. Maelezo ya polisi ndiyo yatakayokufunga mahakamani.