Kukisia neno kila siku ni vizuri, lakini meza dawa yako ya presha

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye huu ni mwaka wa nane nikimtibu, aliingia katika chumba changu mwezi jana akiwa amechangamka kupita kiasi. Kabla hajaketi alinionyesha rununu yake. "Daktari, leo nimelipata kwa mara ya 31!" Nilidhani anasema habari za gari lililomleta. Kumbe ni neno.

Nilimpongeza, kisha nikamfunga mkono kupima shinikizo la damu. Mashine ilisoma 178 kwa 104. Nilimpumzisha dakika tano, nikapima tena: 174 kwa 102. Nilipomuuliza kuhusu vidonge alinijibu pasipo haya kwamba aliviacha miezi mitatu iliyopita. Alichokuwa akiogopa siku zote, akasema, ni yaliyompata marehemu kaka yake, yaani kupooza na hatimaye kupotewa na fahamu hata asiwatambue watoto wake. Sasa kwa kuwa anauzoesha ubongo wake kila asubuhi kwa mchezo wa maneno, ubongo umekwisha kupata kinga. Vidonge ni vya nini tena?

Mwalimu huyu si mjinga hata kidogo, na si yeye peke yake anayefikiri hivyo. Ndiyo sababu juma hili naiacha mada ya chumvi niliyowaahidi wasomaji, nizungumzie mchezo.

Si ule wa herufi tano uitwao Wordle, uliovuma duniani mapema mwaka 2022. Huu haujali herufi, hujali maana. Unaitwa Semantle, ulitungwa mwaka huo huo wa 2022 na David Turner, na unaye ndugu yake aitwaye Contexto. Tarakilishi huficha neno moja kwa siku. Wewe unaandika neno lolote, nayo inakuambia liko mbali au karibu kiasi gani na lile lililofichwa. Semantle hutoa alama, na ukifika 100 umelipata. Contexto huyapanga maneno yote kwenye foleni, na lililofichwa ndilo nambari 1. Unaruhusiwa kukisia mara nyingi upendavyo, na hapo ndipo muda wa mtu unapoliwa.

Nilianza kuucheza ili nimwelewe mgonjwa wangu. Usiku wa kwanza nilikisia mara 112 na sikulipata.

Kosa langu lilikuwa la kitabibu. Nilianza na "hospitali", nikaona dalili ya joto kidogo, basi nikabaki humo humo: muuguzi, sindano, homa, kidonda, maiti. Maneno 40 ya ugonjwa, na alama hazikupanda hata moja. Mwalimu aliponisikia alicheka. Yeye huanza kwa kutupa maneno machache yaliyo mbali mbali kabisa: mnyama mmoja, chakula kimoja, kazi moja, hisia moja, chombo kimoja, mahali pamoja. Hatafuti jibu, anatafuta mtaa. Akishaona mtaa wenye joto ndipo hugonga nyumba kwa nyumba. Na akigonga nyumba saba au nane bila alama kupanda, huhama. Anasema kuhama ndiko kugumu, kwa maana mtu huona aibu kuuacha mtaa alioupata kwa jasho.

La pili alilonifundisha linahitaji maelezo kidogo. Tuliokua na vitendawili huingia katika mchezo huu na mazoea yasiyofaa. Kitendawili huficha yai ndani ya nyumba isiyo na mlango. Kwa mtoto, nyumba na yai hufanana kwa umbo. Kwa tarakilishi hazina undugu wowote. Yai hukaa karibu na kuku, mkate na kikaango. Sababu ni jinsi mashine ilivyofunzwa. Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya Google, wakiongozwa na Tomas Mikolov, walitoa mbinu iitwayo word2vec. Mashine ililishwa habari za magazeti zenye maneno yapatayo bilioni 100, ikatazama kila neno huandamana na maneno gani, kisha ikayaweka karibu yale yenye majirani wanaofanana. Semantle hutumia matokeo ya kazi hiyo. Tarakilishi haijawahi kula ugali wala kuumwa na jino. Ujuzi wake wote ni wa kusikia nani hutajwa pamoja na nani.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "neno hili linafanana na nini?" bali "neno hili hutumika mahali pa maneno gani?" Ndiyo maana "moto" na "baridi", ambayo sisi huyaita kinyume, kwa mashine ni majirani wa ukuta mmoja. Vile vile jina huvuta majina na kitendo huvuta vitendo, hivyo ukikwama kwenye "furaha" jaribu "kufurahi".

Kuna mtego mwingine. Jumapili moja nilicheza mchezo huu nyumbani kwa mdomo, mimi nikiwa tarakilishi. Nilificha neno "paa". Binti yangu mkubwa akasema "mabati", nikamwambia yuko jirani. Mdogo wake akasema "swara", naye nikamwambia yuko jirani. Walikasirika wakidhani nawadanganya, kwa kuwa mabati na swara vina uhusiano gani? Lakini hicho ndicho kidokezo chenyewe. Ukiona mitaa miwili isiyojuana yote ina joto, tafuta neno moja lenye nyumba kote kuwili. Mashine huliweka neno la namna hiyo mahali pamoja tu, hata likiwa na maana tatu.

Sasa nije kwenye yangu. Sisi madaktari tuna kipimo kidogo kisichohitaji umeme wala maabara. Tunamwambia mtu: "Taja wanyama wote unaowajua, una dakika moja." Wengi hudhani tunahesabu tu. Kuhesabu tunahesabu, lakini mwaka 1997 Angela Troyer na wenzake huko Kanada walionyesha kwamba kuna mambo mawili yanayofanyika ndani ya dakika hiyo. Mtu huingia katika kundi, tuseme mifugo, akataja ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Kundi likikauka huhamia lingine: simba, chui, fisi. Kisha ndege, kisha samaki. Kulichimba kundi ni kazi moja, na kuhama ni nyingine, na kuhama hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo. Msomaji ataona kwamba ni mbinu ile ile ya Mwalimu.

Mama yangu mzazi alikuwa bingwa wa vitendawili; sisi watoto tulikuwa tukimpa miji hadi tukaishiwa na miji. Miaka michache iliyopita alianza kusema "nanii". "Nipe ile nanii ya kusongea ugali." "Mwite yule nanii wa kuleta maziwa." Tulicheka. Mimi, daktari, nilicheka, nikasema ni uzee. Ulipita zaidi ya mwaka mmoja kabla sijamketisha na kumwomba ataje wanyama. Alisema mbuzi, ng'ombe, kuku, mbwa. Akanyamaza. Akasema mbuzi tena. Dakika ikaisha akiwa angali ndani ya boma. Hakwenda mwituni, hakwenda mtoni, na ni mwanamke aliyekulia mahali ambapo viboko walikuwa wakila mahindi yao.

Picha za ubongo zilionyesha mishipa midogo iliyoharibika sehemu nyingi. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, maana hakuwa akiumwa popote na hakuwa akienda kupimwa. Nilikuwa nikiwapima watu 30 kwa siku na kurudi nyumbani kwake Krismasi nikila kuku.

Kwa hiyo Mwalimu aliponiambia kwamba mchezo umemkinga, sikuweza kumjibu kwa upole kama ilivyopaswa.

Ushahidi unasemaje? Anayezoea fumbo huwa hodari wa fumbo hilo, hili halina ubishi. Kwamba uhodari huo unahamia kwenye maisha mengine na kuzuia ugonjwa wa kupoteza fahamu, hapo ushahidi ni hafifu. Mwezi Januari 2016 kampuni ya Lumos Labs ya Marekani, wenye michezo ya Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali ya huko kuishtaki kwa kutangaza kwamba michezo yake huzuia akili isipungue uzeeni, huku ikiwa haina uthibitisho. Kwa upande wa pili, jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitoa mwaka 2024 orodha ya mambo 14 ambayo, yote yakirekebishwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha takriban asilimia 45 ya ugonjwa huo. Humo mna shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe nyingi, uziwi, macho yasiyotibiwa, huzuni ya kudumu na upweke. Elimu imo pia.

Mwaka 2019 matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Marekani uitwao SPRINT MIND, uliohusisha watu zaidi ya 9,000 wenye presha, yalionyesha kwamba wale walioshushwa hadi chini ya 120 walipata upungufu mdogo wa akili kwa kiwango cha chini kuliko wale walioshushwa hadi chini ya 140 tu. Kwa ugonjwa wenyewe mkubwa tofauti haikuwa ya kutosha kutoa hakikisho, na ni haki niseme hivyo. Lakini nikilinganisha kidonge na fumbo, najua nitakachomeza mimi.

Sisemi mtu aache kucheza. Mchezo wa maneno unaochezwa kwa sauti, na bibi na wajukuu, hutoa kitu ambacho rununu haitoi: mnamsikia mzee akitafuta neno. Mtu yeyote husahau neno, na sisi wa lugha tatu husahau zaidi. Neno likikosekana kwa Kiingereza huja kwa lugha ya mama, na hilo si ugonjwa. Mjaribuni mzee kwa lugha aliyoizoea, msije mkamwita mgonjwa kwa sababu hakujua "giraffe". Kinachopaswa kuwatia wasiwasi ni mabadiliko: aliyekuwa msemaji sasa anajaza mazungumzo kwa "nanii", anarudia neno lile lile, anashindwa kutoka kundi moja kwenda jingine, au amenyamaza kabisa kwenye mazungumzo ambayo zamani aliyatawala. Mleteni. Huenda ni masikio tu. Huenda ni huzuni, tezi ya shingo, ukosefu wa vitamini B12, au dawa anazokunywa kwa ajili ya jambo lingine, na yote haya yana tiba.

Na maneno yakipotea ghafla, ndani ya dakika, hasa mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, huo ni kiharusi. Usimpe chai, usimlaze ukisubiri kesho. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo.

Mwalimu alirudi Jumatatu iliyopita. Nilimpa dakika moja ya wanyama, akataja 24, alitoka bomani akapita Mara akaishia baharini kwa pweza na kasa. Nilimwambia ubongo wake uko vizuri kwa sasa na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kumeza vidonge, maana bado kuna kitu cha kulinda. Mashine ilisoma 146 kwa 90. Tumeongeza kidonge cha pili, cha asubuhi, na amekubali kukimeza kabla ya kuifungua rununu. Atarudi baada ya majuma manne.